Bahari ya Ndoo Tatu

Samaki wa kwanza wa baharini kuletwa hai katika maabara ya shule yetu pale Same niliwachemsha mimi mwenyewe. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na sufuria safi, jiko la mkaa, na wiki moja tu ya uzoefu kazini.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Mwanaidi, aliyefundisha Biolojia, alirudi kutoka likizo kwao Tanga na ndoo ya maji ya bahari yenye mawe matano ya matumbawe. Akaitua sakafuni, akasema, "Bwana Maabara, niandalie mawe haya, kesho nataka kuwaonyesha Kidato cha Pili." Kisha akaenda kulala, maana treni ilikuwa imemkomesha. Sasa, mtu wa Chome kama mimi ukimwambia aandae kitu cha maabara, yeye anaelewa jambo moja tu: kisafishwe. Yale mawe yalikuwa na utelezi, na manyoya ya kijani, na harufu ambayo kwetu milimani ingemfanya mtu aulize nani amekufa. Nikayasugua kwa brashi ya chupa. Uchafu ukang'ang'ania kwenye matundu. Nikayachemsha.

Asubuhi Mwalimu aliyakuta mezani yamepangwa kwa ukubwa, meupe pe. Akayatazama, akanitazama, akachungulia sufuria. Mle ndani walikuwa wanaelea samaki saba, kila mmoja urefu wa kidole, macho yamekuwa kama punje za mchele.

"Uliwaona hawa?" akauliza.

"Sikuwaona, Mwalimu. Walikuwa wapi?"

"Ndani ya mawe. Ndiko kwao." Akakoroga kidogo kwa kijiti. "Umetia chumvi?"

"Chumvi ilikuwamo tayari, Mwalimu."

Akacheka mpaka akakaa juu ya kreti la chupa. Ningependelea angefoka. Mtu akifoka unajua yamekwisha. Akicheka, utaisikia hadithi yako kwenye mahafali miaka yote, na mimi nimeisikia.

Nimestaafu juzi tu. Nyinyi mlioachiwa funguo za maabara mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, na ninashuku mnataka kujua ile mipira ya dripu iliyojaa kwenye kabati la chini ni ya nini. Habari za vyeo sitaandika; zingekwisha kabla kalamu haijapata moto. Nilizaliwa Chome, nikashuka Same na cheti cha kidato cha nne, na huo ndio uhamiaji wangu wote. Watu hunisema kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Ni kweli, na nitaeleza jinsi ugonjwa huo ulivyonifaa kazini.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni ilikuwa habari ya kuhadithiwa, kiberiti tuligawiana njiti, na bomba la maabara lilikuwa limekauka tangu kabla sijaajiriwa. Chini ya bomba hilo kulikuwa na sinki kubwa la kauri, refu kama mtoto wa darasa la kwanza akilala. Halikuwa na kazi. Mwalimu Mwanaidi alilitazama siku ya tatu baada ya ile supu, akasema, "Huu ndio utakuwa mwamba wetu."

Nia yake ilikuwa moja. Watoto wetu walikariri kitabuni kwamba kwenye miamba ya matumbawe wanaishi viumbe wengi, wakapata alama zao, wakaondoka bila kuamini. Samaki waliyemjua ni yule mkavu anayeletwa sokoni kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Mwanafunzi mmoja alipoambiwa achore samaki, alimchora akiwa amepasuliwa tayari, na kijiti cha kumtanua. Mwalimu aliuweka mchoro ule ukutani. "Mpaka nimwone amechora mwenye uhai," alisema, "sihami Same."

Mawe mengine yakaja. Gadi wa treni ya Tanga, Mzee Shekiondo, alikuwa jirani wa wazazi wa Mwalimu, akakubali kutuletea kila alipopita dumu la maji ya bahari na, bahati ikiwapo, jiwe lenye wenyewe ndani. Safari hii sikusugua kitu. Na sabuni katika chumba kile ilipigwa marufuku, amri iliyokuwa rahisi kuitii kwa kuwa hatukuwa nayo.

Lakini walikufa tena. Siku mbili, kimya kimya, mmoja mmoja. Mwalimu akaeleza kwamba maji ya mwambani hayasimami hata dakika. Wimbi linakuja, linatoka, samaki anapata pumzi. Maji yaliyosimama humnyonga. Wenye uwezo hutumia pampu ya umeme. Tukatazama soketi ya ukutani, ambayo wakati huo ilikuwa nyumba ya nyigu.

Nikakumbuka nyumbani. Kwetu Chome kijito hakitoshi kumwagilia mashamba ya watu wote kwa pamoja, kwa hiyo maji hukusanywa usiku kucha kwenye ndiva, yaani bwawa la udongo lililochimbwa na wazee juu ya mashamba. Asubuhi tundu linafunguliwa, maji yanateremka kwenye mfereji kwa zamu. Hakuna mashine pale. Kuna mteremko, na kuna mtu wa kuamka. Nikaweka ndoo moja juu ya kabati: hiyo ndiyo ndiva. Muuguzi mmoja wa ukoo wetu alinipa mipira ya dripu iliyokwisha kazi hospitalini, nikaichemsha (hapo kuchemsha kuliruhusiwa), nikateremsha maji kutoka juu hadi kwenye sinki, tone kwa tone, yaanguke kwa kishindo kidogo na kuchukua hewa. Kwenye tundu la kuzuia sinki lisifurike nikaunga mpira mwingine hadi ndoo ya pili, sakafuni. Ndoo ya pili ikijaa, unainyanyua kuwa ya kwanza. Ndoo ya tatu, yenye kifuniko, ilikuwa akiba.

Mwalimu aliizunguka mara mbili. "Hii umeisoma wapi?"

"Sikuisoma. Babu alinichapa kwa ajili yake." Nilikuwa nimefungua maji siku isiyo zamu yetu.

Samaki waliishi. Wiki, mwezi, muhula. Kunyanyua ndoo tulikufanya kuwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu asiyetokea anatozwa faini; wanafunzi wa bweni walipangiana zamu na kutozana kuni wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilikuwa na zamu ya alfajiri, na sikuikosa, maana sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Sasa kuhusu chumvi, na hapa naomba kalamu zishikwe. Same ni kavu. Maji yanapaa, chumvi inabaki, na baada ya siku kumi unafuga samaki katika maji ya chumvi ya kukaushia ngozi. Usiongeze maji ya bahari. Ongeza maji ya mvua mpaka kwenye mstari wa penseli uliochora siku ya kwanza. Kuthibitisha, tulitumia kipimo cha maziwa cha bwana mifugo, kile kinachoelea na kumuumbua mchuuzi aliyetia maji. Maji mazuri ya bahari yanasoma chini kidogo ya maziwa halisi. Bwana mifugo alipima bahari yetu, akatikisa kichwa, akasema kama ni maziwa angetukamata.

Siku hizo ndipo nilipogundua kipaji changu, nacho ni kukaa. Mgeni akiinama juu ya sinki anaona mawe tu, anaondoka anasema maabara ya Same inafuga mawe. Samaki hawa wana rangi ya kifusi wanachoishi. Wa jiwe la zambarau ana madoa ya zambarau, na ukimhamishia kwenye jiwe la kahawia, kesho utamkuta amebadilika. Kwao chini ya bahari si mahali pamoja. Kuna anayetaka tundu lililochimbwa na kombe na kuachwa wazi, alijaze kwa mwili wake kama kizibo. Kuna anayetaka kivuli cha jiwe bapa. Kuna wa mchangani anayelala akiwa amefukiwa hadi machoni. Waondolee kifusi, hata maji yawe safi namna gani, watakufa kwa wasiwasi. Kaa robo saa bila kukohoa, utaona uso mdogo unatokea tundu la tatu kutoka kushoto, wenye nyusi kama za mzee wa kanisa. Mwalimu Mwanaidi, aliyezaliwa hatua chache kutoka majini, hakuweza kukaa zaidi ya dakika tano. Aliniuliza kama wavuvi wa kwetu wana jina la samaki hawa, nikamkumbusha kwamba wavuvi ni wa kwao. "Hawana," akasema. "Asiyeliwa hapewi jina."

Mke wangu, Mama Eliamini, yeye alikuwa na swali moja, aliloliuliza siku aliponikuta nikisaga dagaa wa mboga kuwa unga.

"Dagaa ni samaki?"

"Ni samaki."

"Kwa hiyo unachukua samaki wa watoto kuwalisha samaki?"

"Baharini nako ni hivyo hivyo."

"Hamia huko, basi," akasema, akanipunguzia wali.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa mkaguzi. Alikuja na suti ya kaunda na daftari jipya, akasimama juu ya sinki. Mkuu wa shule pembeni anatokwa jasho, maana mtu alikuwa amepeleka maneno kwamba sinki la serikali linachezewa.

"Naona mawe," akasema mkaguzi.

"Wamo, Mheshimiwa," nikasema.

"Wamo wapi?"

"Mheshimiwa akikaa robo saa..."

"Robo saa! Nina shule tatu leo." Akaingiza kidole kwenye tundu, kama mtu anayepima uji. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba ndani yake kulikuwa na dume lililokuwa likilinda mayai. Alikitoa kidole haraka sana kwa mtu wa cheo chake. Akakitazama. Akaandika jambo daftarini, hatukuambiwa nini, lakini mwaka uliofuata wakaguzi wa wilaya nyingine walikuja kuliona sinki, wote mikono mifukoni.

Niwaambie kuhusu madume haya, maana ndiyo yaliyonipandisha treni. Jike hutaga mayai kwenye paa la tundu, yamebandikwa kama ushanga, kisha huondoka na shughuli zake. Dume hubaki. Hupepea mayai kwa mapezi mchana na usiku yapate pumzi, halili vizuri, halitoki, na likiondolewa mayai yanaota ukungu kesho yake. Kwenye sinki yaliangua mara nyingi, yakatoa vichanga kama vumbi la kioo, na kila mara vichanga walikufa, kwa sababu chakula chao kiko bahari kuu, nasi hatukuwa nayo. Hilo lilikuwa doa letu. Tuliweza kumfuga mzazi, mtoto hatukuweza.

Mwalimu Mwanaidi alipata mchoro wake wa samaki mwenye uhai, akahamishiwa Tanga kama alivyojiapiza. Nikaendelea. Nyakati zikafunguka. Maduka ya Same yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau majina yake, mitumba ikamwagwa hadi kando ya barabara kuu, ndoo zikawa za plastiki za rangi tatu, nami nikanunua zote tatu. Na mabasi yakaja, yenye muziki, yanayokufikisha Tanga mchana ule ule. Nani tena apande treni? Mabehewa yakapungua, siku zikapungua, kisha Mzee Shekiondo akashuka na dumu letu akaniambia, "Bwana Maabara, wiki ijayo ndiyo ya mwisho kwa abiria. Mimi nakutangulia kustaafu."

Mabasi hayakubali madumu ya maji yanayovuja juu ya mizigo ya watu. Nilijaribu, nikafukuzwa na kondakta kijana kwa maneno ambayo hata shikamoo haikuyatangulia. Mkuu mpya wa shule, mtu wa haraka na hesabu, alikuwa tayari na mpango wa kuweka kompyuta mahali pa sinki.

"Mwaga tu," akaniambia, si kwa ubaya. "Ni samaki wa inchi mbili."

"Dume lina mayai, Mkuu."

"Lina nini?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, namsifu kwa hilo. Kisha akasema, "Una hadi Jumatatu."

Nilikaa mbele ya sinki jioni ile. Maji ya akiba yalibaki ya siku nne. Mayai yalikuwa yamepata macho, vidoa viwili vya fedha kila moja. Yangeangua ndani ya juma. Kwa mara ya kwanza vichanga wangeweza kuishi, kama tu wangekuwa mahali ambapo sijawahi kuwa. Maana sikuwahi kuiona bahari, jamani. Miaka yote hiyo niliilisha, niliipima, niliinyanyua kichwani kwa ndoo, na sikuwahi kuiona. Nilikuwa nimealikwa mara nyingi. Kila mara kulikuwa na kuku anayetamia au mvua inayotaka kunyesha.

Nikamwambia mke wangu naenda Tanga. Akaacha kupepeta.

"Wewe?"

"Na treni ya mwisho."

Alichukua kanga yake mpya, akailowesha, akaifunga kwenye ndoo ili maji yasipate moto. "Kurudi ni lazima," akasema, na sikujua kama anasema mimi au kanga.

Treni iliyopaswa kupita usiku ilifika asubuhi, jua limeshatoka, kama ilivyokuwa desturi yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari. Nilikaa na ndoo katikati ya magoti: jiwe la dume katikati, wengine watano wamejibana chini yake. Kila dakika chache nilichota kikombe na kukimimina kutoka juu, kuyapa maji hewa. Hedaru tukapakia vibarua wa mkonge wakirudi kwao. Mmoja akachungulia.

"Mzee, wauzwa?"

"Hawauzwi."

"Unawapeleka wapi?"

"Baharini."

Behewa likapasuka kwa kicheko. "Wapare nyinyi na kesi zenu!" akasema yule kibarua, anafuta machozi. "Wenzako wanakata rufaa kwa ajili ya kuku, wewe umemshindia kesi samaki!"

Mkomazi treni ikasimama. Dakika ishirini, saa, saa moja na nusu. Bati la behewa likawaka. Nilitia mkono kwenye ndoo, maji yalikuwa kama ya kuogea. Dume lilikuwa limetoa kichwa chote nje ya tundu, linapumua mbio, na mapezi yamelegea. Mkono wangu ulikuwa umechoka hata kikombe kinagonga ndoo. Sikuomba. Yule kibarua aliyenicheka ndiye aliyekinyakua. "Lete hapa, utamwaga." Akamimina, mwenzake akapokea, mama mmoja akalowesha kanga upya kwa maji yake ya kunywa, na zamu ikazunguka behewa zima bila faini yoyote. Treni ilipotikisika, dume lilirudi nyuma tunduni. Likapepea mara moja. Likapepea tena. Kibarua akasema, "Huyo, anakupungia," na hakuna aliyecheka.

Tanga, Mwalimu Mwanaidi, niliyempelekea habari, alikuwa amenisubiri, mvi zimemjaa, na raba za kukanyagia miamba mkononi. Alitazama suruali yangu ya kazini yenye mkunjo wa pasi. "Umekuja ofisini?" akauliza. Maji yalikuwa yamekupwa sana siku hiyo, mwamba uko wazi mbali kabisa, nasi tukaenda juu yake polepole, mimi nimekumbatia ndoo kama mtoto wa ubatizo. Tulipata dimbwi lenye ukingo wa matumbawe, kifusi chini, kivuli upande mmoja. Tuliyachanganya maji kidogo kidogo, kikombe cha kwao, kikombe cha kwetu, mpaka yakawa mamoja. Nikalitua jiwe chini ya ukingo, mlango wa tundu ukielekea kivulini.

Wale watano sikuwaona wakitoka. Niliangalia tu ndoo, ikawa tupu. Dume lilibaki. Nilikaa robo saa, maji yamefika kwenye mkunjo wa pasi, mpaka zile nyusi zikatokea, zikarudi ndani, na mapezi yakaanza kazi. Mwalimu naye alikaa robo saa nzima. Kuhusu bahari yenyewe, mtaniuliza tu: ni kubwa kupita matumizi.

Nilirudi kwa basi, kanga ikinuka. Jioni ya kesho yake nilikuwa kibarazani kwangu nawasimulia watu habari za Mkomazi, kwa mara ya nne kama sijakosea, na nilikuwa nimefika mahali pa kueleza kwamba kazi ni kazi, hata mwenye inchi mbili anastahili kufikishwa kwao. Mama Eliamini alikuwa anaanua nguo. Jirani yetu Mama Namkunda, aliyekuwa amekuja kurudisha ungo, alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akasema:

"Baba Eliamini, samaki wa kidole kimoja umewapandisha treni mpaka Tanga, na mkeo tangu umuoe hujamfikisha hata hapo Mwanga akanywa soda."